Safari Ina Rukhsa, Lakini Hakuna Rukhsa ya Kuharibu

Na Mwalimu wa somo la Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Katika masomo yote ya fiqhi, somo la sala ya msafiri ndilo linalopendwa zaidi darasani. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi na mbili kuwa Adhuhuri ya rakaa nne safarini inasaliwa mbili, macho yanamng'aa. Ukimuongezea kuwa anaweza kuikusanya na Alasiri, anauliza hapo hapo safari ijayo ni lini. Nao wakubwa si haba: wapo wanaokumbuka vizuri sana umbali wa marhala mbili kuliko wanavyokumbuka sharti za sala yenyewe.

Na kwa hakika rukhsa za safari ni neema. Msafiri anapunguza sala. Anakusanya. Akiwa amesafiri mwezi wa Ramadhani anaruhusiwa kula na kulipa baadaye. Anapangusa khofu siku tatu usiku na mchana, na mkaazi anapangusa siku moja tu. Akikosa maji anatayamamu. Yote haya ni kwa sababu safari ina mashaka, na Mola wetu ni mpole kwa waja wake.

Lakini ziangalieni vizuri rukhsa hizi mtaona jambo moja. Zote zinahusu haki ya Mwenyezi Mungu kwa mja wake, naye ameisamehe baadhi yake kwa ukarimu wake. Hakuna hata moja inayosema kuwa msafiri anapunguziwa haki za watu anaowapitia, au za wanyama, au za njia, au za maji, au za ardhi anayoikanyaga. Hiyo rukhsa haipo katika Safina, haipo katika vitabu vikubwa, na mkiitafuta hamtaipata. Pamoja na hayo, sisi tunaposafiri tunakuwa kana kwamba tumepewa. Mtu ambaye nyumbani kwake hadiriki kutupa ganda la ndizi uani, akipanda boti ya kwenda Pemba chupa inakwenda baharini bila ya kufikiri. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima, kanzu zao nyeupe zimepigwa pasi, wanatoka kwenye Maulidi na Qasida bado iko midomoni, wanarusha vikasha vya biriani kupitia dirisha la gari.

Ndiyo maana nimeonelea makala ya mwaka huu niandike juu ya safari na mazingira, khasa kwa vile msimu wa ziara za vyuo unakaribia.

SAFARI ZA MTUME (S.A.W.)

Ipo hadithi katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Masahaba kuwa wakisafiri katika ardhi yenye neema ya majani wawape ngamia fungu lao la ardhi ile, yaani wawaache wale. Na wakisafiri wakati wa ukame waharakishe, wanyama wasije wakadhoofika. Kisha akawafundisha kuwa wakituama usiku wajiepushe na njia, kwa sababu usiku njia ni ya wanyama na wadudu.

Hebu izingatieni. Msafiri anaambiwa aangalie hali ya ardhi anayopita, kama ina neema au ina dhiki, kisha safari yake aipange kwa kufuata hali hiyo. Anaambiwa pia kuwa barabara aliyoitumia mchana ina wenyewe wengine usiku. Hii ni karne ya saba, jangwani, na watu wanasafiri kwa ngamia.

Hadithi ya pili imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.), nayo ni ya safarini vilevile. Masahaba walimuona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akawa anapapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameondoka kwa haja yake. Aliporudi akauliza nani aliyemtia huzuni ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warejeshewe. Tena akaona kichuguu cha sisimizi kimechomwa moto, akalikataza jambo hilo. Jamaa wako kambini, wamechoka, wana mambo yao, na bado shauri la ndege na sisimizi linasimamisha shughuli.

Anayedhani kuwa hizi ni adabu ndogo ndogo tu, aiangalie safari iliyo tukufu kuliko zote, Hija. Kwa mantiki yetu ya rukhsa tungetegemea huko mambo yalegezwe. Kinyume chake yanakazwa. Aliyehirimia haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu, na katika Suratul Maidah, aya ya 95, mwenye kuua kwa makusudi amewekewa fidia: atoe mnyama wa mfugo anayelingana na aliyemuua, au alishe maskini, au afunge. Katika Haramu ya Makka miti yake haikatwi, wala mawindo yake hayatishwi. Kutisha tu, achilia mbali kuua! Madina nayo ina Haramu yake. Basi ikiwa wageni wa Mwenyezi Mungu wenyewe wamewekewa mipaka juu ya mti wa miba, sisi tunaokwenda ziara ya siku moja ufukweni tuna hoja gani?

Hapa niweke wazi nukta moja ya kifiqhi, maana najua wapo watakaouliza. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanasema rukhsa hazipatikani kwa safari ya maasi, yaani aliyeondoka kwao kwa ajili ya kufanya dhambi hapunguzi sala. Je, aliyetupa chupa baharini sala yake ya kupunguza imebatilika? Hapana. Safari yake kwa asili ni halali, na kosa alilifanya ndani ya safari, si kwamba alisafiri kwa ajili ya kosa. Sala yake inasihi. Kosa lake nalo limebaki pale pale.

MSALA WA MISALI

Tuje nyumbani. Magharibi ya Chake Chake kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Wazee wa Pemba wanasimulia kuwa Nabii Khidhri (A.S.) alifika hapo, akataka msala asali, msala haukupatikana. Akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya msala, kwa namna kilivyoelekea kibla. Ndipo likatoka jina la Misali. Haya ni masimulizi, na sitaki mtu ayachukue kama hadithi yenye isnadi. Lakini watu waliyashika, na mpaka leo Misali ina heshima yake katika nyoyo za wavuvi.

Misali ni hazina. Matumbawe yake ni katika yaliyo mazuri ya pwani yetu. Kasa na ng'amba hupanda ufukweni kutaga. Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba wanaitegemea kwa riziki, wengine huenda dago wakakaa huko siku kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo ikawa inaharibiwa: baruti zilipigwa, na nyavu zikakokotwa juu ya matumbawe. Baruti moja inaua samaki mkubwa na mdogo, na inavunja nyumba ya samaki iliyochukua miaka mingi kukua.

Mwaka 1998 Serikali ilitangaza kisiwa na bahari inayokizunguka kuwa eneo la hifadhi. Sehemu moja ikafungwa isivuliwe kabisa, na sehemu kubwa ikabaki wazi kwa wavuvi. Tangazo ni tangazo tu, na bahari haina mlango. Hapo ndipo likafanyika jambo ambalo linatuhusu sisi wa vyuoni. Mwaka 1999, Taasisi ya Kiislamu ya Ekolojia na Sayansi za Mazingira (IFEES) ya Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na wenyeji kuendesha mafunzo ya utunzaji wa bahari kwa msingi wa Qur'an. Wavuvi, viongozi wa dini na walimu wa madrasa walikaa wakazisoma aya zinazohusu kuumbwa kwa ardhi na bahari, mizani, ukhalifa na kukatazwa ufisadi. Ni aya ambazo wengi wao walizihifadhi tokea utotoni. Katazo lile lile ambalo lilionekana ni la watu wa ofisini sasa wakaliona lina mizizi katika dini yao, na wapo walioacha baruti kwa sababu hiyo. Mwaka 2005 Misali iliingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Uvuvi haramu haujesha, tusijidanganye. Ila mlango uliofunguliwa pale ni mkubwa.

Na wala si jambo jipya katika Uislamu. Imo katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, ikawa hima, yaani eneo la malisho lililohifadhiwa kwa maslaha ya umma. Sayyidna Umar (R.A.) akatenga Sharaf na Rabadha. Vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue vinafanya jambo la namna hiyo hiyo.

Nimeirefusha habari ya Misali kwa makusudi. Katika hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja katika mambo aliyopewa yeye na hawakupewa Manabii kabla yake, kuwa ardhi imefanywa kwake ni msikiti na kitwaharisho. Kwa hivyo si Misali peke yake iliyo msala. Ufukwe wa Nungwi ni msala, kivuli cha mkungu pale Jozani ni msala, ukingo wa barabara ya Wete ni msala. Msafiri mwenzako aliyekosa maji atapiga mikono yake juu ya udongo ule atayamamu. Wewe umemuachia nini hapo? Ndiyo maana Mtume (S.A.W.), katika mapokezi ya Abu Daud, ameyataja mambo matatu yanayoleta laana: kukidhi haja kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia, na kwenye kivuli. Ukiyaangalia, yote matatu ni mahitaji ya msafiri.

MAJI YA MWENYEWE

Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Maji tunayokunywa karibu yote ni mvua iliyozama ardhini, ikakaa katika mapango na mawe. Yakichotwa kwa pupa karibu na pwani, maji ya bahari yanaingia badala yake, na kisima kinakuwa cha chumvi. Utafiti mmoja uliofanywa pwani ya mashariki ya Unguja, ukachapishwa mwaka 2001, ulikuta kuwa mtalii mmoja alikuwa akitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, na mwenyeji lita 48. Ni zaidi ya mara kumi na nne. Tumezoea kuwalaumu watalii kwa hilo, na wanastahili sehemu yao ya lawama. Lakini basi la chuo linaposimama kwenye msikiti wa kijiji, wakateremka watoto sitini, mabomba yote yakafunguliwa kwa pamoja na kila mmoja anasukutua huku anazungumza na mwenzake, sisi nasi hapo ni watalii.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akikoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.). Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, maji yake hayafiki lita moja. Ile hadithi mashuhuri ya Saad (R.A.), ya kukatazwa israfu ya maji katika udhu hata kwenye mto unaopita, imo katika Ibn Majah. Baadhi ya wanavyuoni wameidhoofisha isnadi yake, nasi tuseme hivyo kwa uaminifu. Maana yake hata hivyo inaungwa mkono na aya ya 31 ya Suratul Aaraf inayokataza israfu, na kwa kitendo hiki cha Mtume (S.A.W.) cha mudi.

Fanyeni jaribio nyumbani. Weka ndoo chini ya bomba, tawadha kama unavyotawadha kila siku, kisha pima kwa chupa ya lita moja maji yaliyomo ndoo. Halafu kesho tawadha kwa kopo. Sitakwambia utapata tofauti gani, uione mwenyewe.

Wale wanaopata bahati ya kwenda Chumbe wataona mambo haya yanavyowezekana. Chumbe ni kisiwa kilicho jirani na Mji, kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti wa zamani wa walinzi wa mnara. Hakina kisima cha maji baridi. Nyumba za wageni zimeezekwa kwa namna ambayo mapaa yanakusanya maji ya mvua, yakachujwa na kuwekwa kwenye tangi chini. Vyoo vyake ni vya mboji, havivutwi kwa maji, na umeme ni wa jua. Wanafunzi wengi wa skuli zetu wamepelekwa huko kujifunza habari za matumbawe. Mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi hiyo asimzuie.

TUNACHOKIACHA NA TUNACHOKICHUKUA

Juu ya mifuko ya plastiki sheria ziko wazi. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Anayesafiri baina ya nchi hizi akiwa na mifuko hiyo anaweza kuingia matatani mpakani au uwanja wa ndege. Lakini chupa bado zipo, vikasha bado vipo, na bahari haichagui. Mfuko unaoelea majini unafanana na konyeza, na kasa wanakula konyeza. Akiumeza mfuko unamziba tumbo, anakufa taratibu kwa njaa ilhali amejaa.

Na maadamu tumemtaja kasa, niseme na hili. Mwezi wa Novemba 2021 watu saba walifariki huko Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakalazwa hospitali. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira jamaa zao. Nyama ya kasa mara nyengine inakuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Masuala ya uhalali wake wanavyuoni wameyajadili, na mwenye kutaka ufafanuzi aende kwa shekhe wake. Lakini kuidhuru nafsi hakuna khitilafu kuwa ni haramu, na sheria ya nchi nayo inamlinda kasa. Ukiwa mgeni mahala ukaletewa sahani ukaambiwa hiyo ni nyama ya kasa, kataa kwa adabu. Wala msinunue bangili au vitana vya gamba la ng'amba. Mkononi mwa mnunuzi ndiko soko lilipo.

Jengine ni viti vya pweza. Vijana wetu siku hizi wakifika ufukweni jambo la kwanza ni kuvitoa majini, wavipange mchangani, wapige picha. Yule ni kiumbe hai, anavuta pumzi ndani ya maji. Ukimtoa unamkaba. Makombe na makauri nayo muyaache. Hata kombe tupu lina mpangaji wake, kaa anahamia humo. Tena mkumbuke kuwa zile kamba zilizotandazwa maji yakitoka ni mashamba ya mwani, na mashamba yale ni ya mama zetu wa Paje, Jambiani na kwengineko. Ukipita juu yake kwa mchezo umeharibu mali ya mtu, na hiyo ni haki ya mja. Haifutiki kwa kuleta istighfari peke yake, mpaka umtake radhi mwenyewe.

Jozani tunakwenda karibu kila mwaka, kwa hiyo nitasema machache tu. Kima punju asili yake ni Unguja, hayupo pengine duniani ila wachache waliopelekwa Pemba katika msitu wa Ngezi. Kwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyomfunza, anakula makaa ili yamuondoshee madhara ya majani anayokula! Barabara imepita pale pale maskani yake, na zamani magari yaliwaua wengi, mpaka yakawekwa matuta. Madereva wetu wanayalalamikia matuta yale. Nawaomba viongozi wa misafara wawaambie madereva tokea kabla ya kuondoka: pale ni mwendo wa pole, hata kama tumechelewa Alasiri. Tunayo rukhsa ya kukusanya, kwa hivyo haraka ya nini? Na kima hapewi njugu wala ndizi. Akizoea mkono wa mtu atakuja barabarani kuufuata. Kadhalika kwa wale watakaopelekwa Kidike kuona popo wa Pemba, ambaye duniani hapatikani ila Pemba: msipige makofi wala makelele ili waruke. Mchana kwao ni usiku.

MATAYARISHO YA ZIARA

Mambo haya yanaanzia nyumbani, jikoni, siku moja kabla. Nawaomba akina mama watusaidie, kwani wao ndio wanaojua zaidi.

Chakula tule katika masinia kama tulivyofunzwa, watoto sita sita, badala ya kila mtoto kikasha chake. Sinia linarudi nyumbani likaoshwa. Limefunikwa kawa, foili ya nini tena? Chakula kipikwe kabisa kabla ya kuondoka, tusifike huko tukaanza kukata kuni, khasa mikoko, ambayo ndiyo kitalu cha samaki na ngome ya pwani. Maji tuchukue madumu ya lita ishirini na kila mtoto aje na kikombe chake kimeandikwa jina. Piga hesabu: watoto sitini, chupa tatu tatu kwa siku, ni chupa 180, na zote zinaishia kwenye jaa la kijiji ambacho hakina hata gari la taka. Vitu vibebwe kwenye mikoba ya ukili. Inauzwa sokoni, inadumu, na anayeisuka ni jirani yako.

Tukodi basi moja kubwa lililojaa, kuliko gari nne ndogo kwa sababu tu kila mwalimu anataka ya kwake. Likisimama, injini izimwe. Mahala pa karibu twende kwa miguu au baiskeli, kama wazee wetu walivyokwenda. Wanaojaaliwa kwenda Hija na Umra nao wanayo nafasi: tokea mwaka 2010 ipo treni baina ya Mina, Arafa na Muzdalifa kwa siku za Hija, na tokea mwaka 2018 ipo treni ya Makka na Madina. Kila anayepanda hizo, limepungua gari na moshi wake.

Kila kikundi kitakuwa na mfuko mmoja wa taka, na mfuko huo utarudi na sisi mjini. Hautaachwa nyuma ya msikiti wa watu. Kiongozi wa kikundi ataukagua kabla ya kupanda basi, kama anavyohesabu watoto.

MASWALI NILIYOULIZWA DARASANI

Mwanafunzi mmoja aliuliza: nikiona taka ambayo si mimi niliyeitupa, ni juu yangu? Jawabu ni kuwa dhambi yake si juu yako, lakini thawabu yake ni yako ukiitaka. Kuondosha chenye kuudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani, kama ilivyopokewa na Muslim. Hadithi haikusema ulichokitupa wewe.

Mwengine akauliza: mtoto wa skuli anayekwenda na baiskeli na anayepelekwa kwa gari, nani bora? Nilimwambia bora ni mchamngu zaidi, kisha yule wa baiskeli akacheka akasema yeye anawahi kufika. Wote wawili wana haki ya njia, na mwenye gari asimrushie mwenzake maji ya madimbwi.

Na binti mmoja wa darasa la pili aliuliza swali ambalo limenifurahisha mwaka mzima: nikiwa na udhu, nikaokota chupa chafu, udhu wangu umetenguka? Hautenguki. Chupa ya plastiki si najisi. Hata kama imeguswa na najisi na mkono wako ukarowa, kinachotakiwa ni kuosha mkono tu, kwani kugusa najisi si katika vinavyotengua udhu. Okota, osha mkono kwa maji kidogo, ingia msikitini usali.

Wabillahi tawfiq.